Hamisha Mguu, Usipinde Mkono

Maonyesho ya kilimo ya Kakamega yalikuwa yamefurika. Ng'ombe wa gredi walilia upande huu, spika zikabishana upande ule, na katikati, chini ya turubai la buluu, klabu ya ulengaji shabaha ilikuwa imepanga bastola mbili za hewa mezani. Karatasi za shabaha zilisimama mita kumi mbele. Kageha, karani wa ofisi ya ardhi, alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa kana kwamba lilishonwa akiwa ndani yake. Alifyatua mara tano. Karatasi haikupata hata mkwaruzo.

"Bastola yenu ni mbovu," akasema.

Phineas, fundi wa kuchomelea vyuma aliyefunza wanachama wapya kila Jumamosi, alitabasamu. "Bastola haina neno, dada. Wewe ndiye umesimama kama mtu anayengoja kubebwa."

Watu wakacheka. Kageha hakucheka. "Basi nisimamishe."

Phineas akamwambia avue viatu vya kisigino, asimame ubavu, afumbe macho, ainue mkono, kisha afumbue. Mtutu ulikuwa umeelekea kushoto. Kageha akataka kuurudisha kwa kiwiko.

"Usipinde mkono. Mkono hudanganya muda mfupi, halafu huchoka. Sogeza mguu wa nyuma, mbele kidogo. Sasa tazama ncha ya bastola. Shabaha iache iwe ukungu."

Risasi ya sita ilitoboa duara jeusi. Kageha akampa nambari ya simu, akisisitiza kwamba ni ya masomo tu. Masomo yakanoga. Ikawa kila saa saba mchana simu inalia.

"Umekula, mwalimu?"

"Obusuma na ingokho, mpenzi."

"Ugali na kuku bila mimi? Nawe huwa unajiitanga mchumba?"

Miezi minne ikapita hivyo, hadi klabu ikatangaza kwamba mwanamke mmoja ataiwakilisha kwenye mashindano ya Nairobi. Kageha aliitaka nafasi ile kuliko chochote. Kwao Iguhu kaka zake walikuwa wakimcheka waziwazi. Kulenga, walisema, si kazi ya binti.

Wiki tatu kabla ya mchujo, risasi zake zikaanza tena kukimbilia kushoto. Phineas alimrekebisha mguu mara moja, mara mbili. Mara ya tatu Kageha akamkaripia mbele ya mshindani wake Tracy, kwamba amechoka kusukumwa kama kabati. Maneno yale yalimchoma Phineas. Mwanamume yule hakuogopa moto wa kuchomelea, lakini aliogopa uso ule ukigeuka. Jumamosi iliyofuata, kabla Kageha hajafika, akaizungusha skrubu ndogo ya kulengea ya bastola aliyotumia Kageha. Risasi zikarudi katikati. Kageha akamkumbatia, naye akaificha siri ya skrubu.

Siku ya mchujo, mwenyekiti Ignatius, askari magereza mstaafu, alizikagua bastola zote na kurudisha kila skrubu kwenye alama yake. Risasi za majaribio za Kageha zikaenda kushoto. Zote. Kocha hakuruhusiwa kusema na mlengaji ila kupitia kwa mwenyekiti. Phineas akainua mkono, akamwambia mwenyekiti kwa sauti iliyowafikia wote:

"Niliigeuza skrubu ya bastola yake wiki mbili zilizopita. Kosa liko kwenye mguu wake wa nyuma. Kosa la kuficha ni langu."

Ignatius akamvua ukocha papo hapo. Kageha hakugeuka. Alifumba macho, akainua mkono, akafumbua, akasogeza mguu. Akarudia, akasogeza tena. Kisha akalenga kama mtu anayeweka sahihi yake. Alimshinda Tracy kwa pointi mbili.

Simu za Phineas hazikupokelewa siku mbili. Siku ya tatu, mchana, Kageha aliingia karakana ya Phineas akiwa amevaa suti yake ya kijivu ya ofisini, akasimama kati ya mageti ambayo hayajakamilika.

"Ulidhani nitavunjika nikiambiwa ukweli?"

"Nilidhani utaniacha."

"Ningenuna siku mbili. Kununa si kuacha, Phineas. Kunihurumia kwa siri ndiko kuniacha."

Phineas alikubali kosa. Kisha akauliza kama siku zile mbili zimekwisha.

"Zimekwisha saa sita."

Phineas akaweka kinyago cha kuchomelea chini. "Nataka kuja Iguhu nijulikane kwenu."

"Umeomba au umetangaza?"

"Nimeomba."

Kageha alimwacha asubiri kidogo, maana alistahili. "Usije peke yako. Baba hazungumzi ndoa na mwanamume asiye na shangazi. Mpigie sasa, nami nikisikia."

Phineas akaipapasa simu kwa vidole vyeusi vya masizi, akampigia shangazi Zipporah kule Buyangu, na kabla salamu hazijakwisha akamwambia atoe nguo yake nzuri sandukuni.