Mchezaji Asiyekula

Jioni za Magogoni zilikuwa tamu uani kwa Kafedha. Yeye hukaanga mihogo, na vijana wa kikundi cha dansi cha shule hujinyonga viungo mbele yake, wakijiandaa kwa mashindano ya hip hop kule Nyali. Mwanawe Garama ndiye aliyekuwa nguzo yao. Alimrusha mwenzake Samiha hewani, akamdaka kabla hajagusa mchanga. Majirani walipiga makofi na Kafedha akavimba kichwa kidogo. Nani asingevimba?

Lakini chakula cha Garama kilianza kulala chini ya kawa. Kafedha alipoulizwa mbona kijana amekonda, alijibu kwamba mcheza hip hop hula kidogo ili awe mwepesi. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijitungia mwenyewe, ndugu zangu, kwa kuwa jibu hilo lilimfurahisha. Na ile chingamu isiyomtoka mwanawe mdomoni aliiona utoto tu.

Mashindano yalipokaribia, Garama alimrusha Samiha na asimdake. Msichana aliteguka mkono. Wenzake wakasingizia mchanga.

Kesho yake Samiha alikuja, mkono umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mkono."

"Mama, wallahi si mchanga. Mikono ya Garama yatetemeka. Atafuna muguka, yale majani ya kuondoa usingizi na njaa, na ile chingamu ni ya kuondoa ukali wake. Sote twajua, twamfichia tusimkose kikundini."

Kafedha alimfokea. Alimwambia ana wivu, aende kwao.

Hata hivyo maneno yalimkaa rohoni. Garama aliporudi, mama alimwekea ugali na samaki, akaketi mbele yake. Kijana alimega tonge, akalizungusha mdomoni, likakataa kushuka. Ndipo akalia. Alisema alianza kutafuna ili asichoke mazoezini, na sasa hawezi kuacha.

Kafedha hakumpiga, wala hakumficha. Alimpeleka zahanati, kisha kwa mwalimu Kimani, mlezi wa kikundi, wote wawili wakiona haya. Mwalimu aliuondoa ule mruko wa Samiha kwenye dansi, akamwachia Garama kazi ya muziki, mradi asikose zahanati. Kutoka hapo Kafedha alikwenda kwa kina Samiha kuomba radhi.

Kule Nyali kikundi kilishika nafasi ya tatu. Wapo walionung'unika kwamba mruko ungewapa kombe.

Ilipita miezi kadhaa. Siku moja Garama alirudi kutoka mazoezini, akafunua kawa, akala, akakomba sahani.

"Mama, chakula ndicho hiki tu?"

Kafedha aligeuka asionekane machozi, akabandika sufuria nyingine. Hajawahi kupika kwa furaha kama siku ile.

Funzo

Wazazi, mtoto asiyekula ana jambo. Muulizeni kabla hamjamjibia. Nanyi vijana, mficha maradhi kifo humuumbua, na kumfichia mwenzako si kumpenda. Samiha alifokewa kwa kusema kweli, na ndiye aliyemdaka Garama.