Karibu Sana

Mashua tupu haina sababu ya kulemea nyuma, na ile ilirudi imelemea. Omo ya mbele juu, tezi ya nyuma chini, kama kuna mtu mnene ameketi ubavuni mwa injini. Mke wa nahodha aliliona hilo wakiwa bado majini, akasema. Mumewe akamjibu kwamba maji yameingia chini ya mbao. Walipofika ufukoni wakafungua mbao. Chini kukavu.

"Basi ni injini," nahodha akasema. "Imekuwa nzito."

"Injini hainenepi," mkewe akamjibu.

Nahodha alikuwa mtu wa maneno mengi na kina kifupi. Kazi yake ilikuwa kuzungusha watalii, kuwaonyesha vijighuba visivyofikika kwa barabara na vijiji vya wavuvi vilivyojibanza nyuma ya majabali. Mkewe alisimama omo, mbele kabisa, na upondo mkononi, ule mti mrefu wa kupimia kina. Injini ilikuwa na kelele kuliko mawifi, kwa hiyo wawili hao walikuwa wamekubaliana maneno machache tu. Mwamba ukiwa kule, mke anapaza sauti, "Mbali!" Ukisogea, "Karibu!" Ukiwa puani, "Karibu sana!" na nahodha anakata usukani. Kwa maneno hayo walikuwa wamepenya miamba yote ya pwani ile bila kukwaruza ubao, ingawa katika mambo mengine hawakuwahi kuelewana.

Siku ile hawakuwa na abiria. Mashua nyingine zilikuwa zimeanza kumfuata nahodha kila aendako, kama kuku nyuma ya mwenye mahindi, naye akataka ghuba ya peke yake. Katika kijiji cha mwisho walisimama kuwauliza wanawake waliokuwa wakipasua samaki kwenye meza za mbao.

"Ile ya nyuma ya jabali lililopasuka?" akasema bibi mmoja bila kuinua macho kwenye kisu. "Hatuingii."

"Kuna nini, bibi?"

"Hakuna kitu. Kuna mtu. Mkienda, nendeni kimya. Akipiga hodi, msimjibu."

Nahodha akacheka mpaka akashika kiuno. "Hodi baharini! Nyumba iko wapi? Mlango uko wapi?"

"Mdomo wako ndio mlango, baba. Na umeuacha wazi."

Wenzake wakacheka, kicheko cha kumfukuza mtu. Nahodha akawasha injini.

Waliingia ghubani jua likiwa utosini. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, na hapakuwa na ndege hata mmoja juu ya majabali. Palikuwa na harufu ya mkeka uliokunjwa ukiwa mbichi. Mke alichomeka upondo huku na huku, na ndipo aliposikia chini ya miguu yake, kwenye mbao za mashua, kwa nje, upande wa maji: ngo, ngo, ngo. Akili yake yote ikaenda kwenye mwamba. Nani angefikiria jingine?

"Karibu!" akapaza sauti. "Karibu! Wewe, husikii? Karibu sana!"

Nahodha akakata usukani. Mwamba haukuwepo. Upondo ulizama wote na haukugusa kitu. Lakini tezi ilishuka ghafla, kisha ikatulia, vile mashua inavyoshuka mtu anapotia mguu ndani, akatafuta pa kukaa, akapata.

Hivyo ndivyo mashua ile tupu ilivyorudi imelemea.

Nyumbani kwao palikuwa na chumba kimoja na sebule, na kiti cha mbao ambacho nahodha hakumwachia mtu, hata mama yake mzazi alipokuja anaumwa mgongo. Jioni ile mkewe alimkuta ameketi sakafuni.

"Kiti kimefanya nini?"

"Kina mtu," nahodha akasema, akaendelea kutafuna. Alipoulizwa tena, akashangaa. "Nimesema nini? Sijasema kitu. Unazeeka vibaya, mke wangu."

Keshoye alimega chakula chake nusu, akakisukuma pembeni kwenye sahani nyingine, kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Asubuhi sahani ilikuwa imelambwa na ina unyevunyevu. Kisha akaacha kitanda. Alitandika gunia mlangoni, akajikunja hapo kama mbwa wa mwenye nyumba, na kila siku alizidi kukonda, baridi ikimtoka mwilini hata mchana wa jua kali, na akiulizwa anasema yeye hana neno, mwenyeji ni mtu wa kujibana.

Hilo ndilo lililomfumbua mke. Mwenyeji wa nani?

Akapata jibu mchana mmoja alipojilaza peke yake kitandani kupumzisha mgongo. Mumewe alikuwa nje anashona turubai, anamsikia akikohoa. Godoro likabonyea upande wa pili, polepole, kwanza mahali pa makalio, kisha mgongo, kisha mahali pa kichwa, na shuka likaanza kulowa kutoka huko likija upande wake, na ile harufu ya mkeka mbichi ikamjaa puani hadi kooni, naye akabaki amekodolea macho dari, akijiambia inuka, inuka wewe mwanamke, na miguu haisikii, mpaka pumzi ya baridi ikamfikia sikioni na sauti, taratibu, sauti ya mtu aliyeshiba, ikamwambia:

"Ahsante. Nimekaribia."

Alitoka na upande mmoja wa gauni umelowa, akawasha injini mwenyewe na kwenda kwa bibi mpasua samaki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tuliwaambia mnyamaze."

"Hatukumjibu, bibi. Nilikuwa naita mwamba. Nilisema uko karibu."

Kisu kikasimama. Wanawake wote wakatazamana, na mmoja akasogeza beseni lake mbali naye, kama anayemkwepa mtu mwenye ukoma.

"Sisi hapa," bibi akasema kwa sauti ya chini, "hatulisemi neno hilo tukiwa majini. Mwamba tunauita 'huyo.' Neno lile, umwitie yeyote, hulipokea yeye. Mnakuja na mainjini yenu, mnakaribisha mnachotaka. Ulilisema mara ngapi?"

"Nilisema... nilisema mpaka karibu sana."

"Basi usiniletee machozi. Hukuingiliwa, ulikaribisha, na aliyekaribishwa hafukuzwi. Atachukua nafasi moja baada ya nyingine, kiti, sahani, kitanda. Nafasi ya mwisho ni mwili wa mumeo. Akishaupata, mumeo ndiye atakayebaki nje, akipiga hodi kwake mwenyewe."

"Nifanye nini? Huyu mtu ni mzigo, bibi, lakini ni mzigo wangu."

Bibi akatema mate pembeni. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe nini?"

"Jembe."

"Ulisoma. Mpe kazi isiyoisha. Mpe ule upondo wako, mwambie akupimie kina cha ghuba ile. Haina chini. Kisha tokeni, na neno lile lisitamkwe na yeyote hadi muone jua la bahari wazi. Sasa ondoka hapa, unanuka vibaya."

Akamrudia mumewe, akamweka kwenye usukani, akamweleza yote. "Sitapaza sauti," akamwambia. "Nikiinua mkono wa kulia, kata kulia. Wa kushoto, kushoto. Na ufunge mdomo."

"Mimi nina umri wa kufundishwa kuendesha mashua?"

"Funga mdomo, baba. Naomba."

Wakaingia ghubani. Tezi ilikuwa imelemea, na nahodha alikuwa amejibana pembeni mwa ubao wa kukalia, akimwachia nafasi mtu asiyeonekana, mkono wake ukiwa mwisho kabisa wa usukani. Mkewe akageuka, akaunyosha upondo kwa mikono miwili, vile unavyompa mtu kitu kwa heshima.

"Mgeni wetu," akasema, "umekula, umelala. Nisaidie kazi. Nipimie kina cha hapa mpaka uguse chini."

Akauachia. Upondo haukuelea. Ulisimama wima majini, ukazama taratibu kama unaoshikwa, na tezi ikainuka, mashua ikawa nyepesi hivi kwamba ilimpepesua mwanamke. Nahodha akavuta pumzi ndefu, akajitanua akajaa ubao wote. Mwanamke akataka kulia kwa furaha, akakumbuka kazi, akageukia mbele.

Hawakuwa na upondo tena, wala neno. Alikuwa na mikono miwili tu. Kulia, kushoto, kulia. Mdomo wa ghuba ulikuwa mbele yao, bahari wazi inang'aa nyuma yake, na pale, chini ya omo, akaona mgongo mweusi wa mwamba. Akainua mkono wa kushoto. Akauinua tena. Lakini nahodha, kwa kuwa sasa alikuwa amepona na amekuwa yeye yule yule, alikuwa akitazama injini yake.

Krrrr! Ubao ukakwaruzika toka mbele hadi nyuma.

"Mashua yangu!" nahodha akafoka. "Unapunga mikono kama unaaga harusi! Si ungesema? Karibu! Karibu, basi! Ni neno gumu hilo?"

Mwanamke aliligeukia lile neno kama vile angeweza kulidaka. Tezi ilishuka mpaka maji yakamwagika ndani. Kukawa na povu. Kitu kizito kikatumbukia majini. Kisha tezi ikainuka, na nahodha alikuwa ameketi palepale, amelowa chepechepe, mgongo umenyooka, mkono juu ya usukani. Uzito wa mtu mmoja.

"Uko salama?" mkewe akamnong'oneza.

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akaitoa mashua kati ya miamba bila kugusa jiwe, bila kuuliza kulia wala kushoto. Nyuma yao mtu alikuwa akipigapiga maji. Mwanamke hakutazama. Alijiambia ni mgeni, yuko kazini.

Nyumbani mumewe alikalia kiti chake. Akalala kitandani kwake. Hakusema mengi, na mke akamshukuru Mungu kwa hilo, akadhani amepata funzo. Ile harufu ya mkeka mbichi alijiambia ni ya nguo zilizolowa. Mtu aliyechoka huamini anachotaka.

Keshoye mchana alimpakulia chakula. Akala chote, akafuta sahani kwa kidole. Hapo mlango ukagongwa. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi," ikasema sauti ya nje.

Ilikuwa sauti ya mumewe.

Mwanamke akageukia mlango, jagi mkononi. Aliyekuwa kitini akainua macho, yakamtazama bila kupepesa.

"Usijibu," akamwambia, kwa upole. "Huyo ni yule mgeni."

"Hodi," ikarudia sauti ya nje, inatetemeka, kama ya mtu aliyelowa na baridi imemwingia mifupani. "Mke wangu, ni mimi. Niambie neno."

Kila mtu anajua kwamba hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mtu anakwenda zake. Alitazama mlango. Alitazama kiti. Huyu ana uso wa mumewe, yule ana sauti ya mumewe, na mdomo wake yeye, uliokaribisha bila kufikiri siku ile, sasa ulikuwa umekauka kama kibuyu, kwani akikosea atakuwa amemfungia mumewe nje mwenyewe, au amemfungulia yule kwa mara ya pili.

Aliyekuwa kitini akasukuma sahani mbele.

"Chakula kitamu," akasema. "Ahsante, mke wangu."

Miaka yote ya ndoa yao nahodha alikuwa hajawahi kusema ahsante kwa chakula. Chini ya kiti maji yalikuwa yakidondoka, tone, tone.

"Hodi," ikasema sauti ya nje, ya tatu, dhaifu.

Mwanamke akaangusha jagi, akaurukia mlango, na kwa nguvu zake zote akapaza sauti, "Karibu! Karibu, mume wangu! Karibu sana!"

Akavuta komeo, mlango ukafunguka. Kizingitini palikuwa na upondo umelazwa, umelowa ncha hadi ncha, na jua kali, na hapakuwa na mtu.

Nyuma yake kiti kikalia, vile kinavyolia mtu anapojiweka vizuri akae moja kwa moja.

"Ahsante," kikamjibu kile kilichokuwa ndani. "Nimekaribia."