Kijumba cha Mama

Kila Jumamosi, Kemunto aliendesha gari kutoka kwake karibu na Maple Grove hadi Burnsville, huko ughaibuni walikoishi, kumwona mama yake. Alimpikia uji wa wimbi, akamsuka nywele, akampangia dawa. Jioni alimwacha peke yake na kurudi kwake.

Mama alikuwa amepooza mkono wa kushoto. Kwa Kemunto kulikuwa na chumba kitupu, lakini kwao Kisii mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe, mume wa binti yake.

"Nilale kwa Cyrus? Aibu gani hiyo, mwanangu!" Mama alisema, na Mama akisema amesema.

Kemunto alitamani mno kuwa naye karibu. Zamani, Mama akitoka sokoni, alipiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, kwa mzaha tu, ili watoto wamkimbilie. Hodi ile ndiyo aliyoikosa Kemunto.

Mwaka wa 2016, mumewe Cyrus aliingia akitabasamu.

"Mama Ken, State wamepitisha sheria! Unaweza kuweka kijumba cha muda uani kwa ajili ya mgonjwa wako. Mlango wake, choo chake. Next week nita-order."

Kemunto alicheka, kisha akalia.

Jumapili, baada ya ibada, alimweleza rafiki yake Rahab, karani wa halmashauri ya mji wao. Rahab hakucheka.

"Ngojeni kwanza. Sheria ni ya jimbo, lakini halmashauri inaweza kupiga kura ijitoe, isiifuate. Mkikileta sasa, huenda mkaambiwa mkiondoe."

"Kwani wana shida gani na mama yangu?"

"Hawana shida naye. Wanalalamika kwamba jimbo limewapangia matumizi ya ardhi bila kuwauliza. Wanaogopa mabomba ya majitaka yatazidiwa, halafu kodi ya ardhi ipande kwa kila mtu. Jumanne kuna kikao cha wananchi. Njoo useme."

"Mimi? Hata sijapata uraia!"

"Unaishi hapa, unalipa kodi hapa. Andika jina lako kwenye orodha pale mlangoni. Utapewa dakika tatu. Beba barua ya daktari na mchoro wa uwanja wenu."

Jumanne Kemunto alisimama mbele ya wajumbe. Aliwaeleza mila ya kwao.

"Siombi jirani anilipie," alisema. "Maji na kodi ya kijumba tutalipa wenyewe. Nataka tu mama awe karibu, kabla..."

Akaketi. Dakika moja ilibaki, hakuitumia.

Wajumbe walipiga kura kujitoa kwenye sheria ya jimbo. Kemunto alinyong'onyea. Lakini mwenyekiti hakuwa amemaliza. Mji ungetunga kanuni yake: kila ombi lichunguzwe, mwenye nyumba agharamie mabomba, na kibali kiwe cha mwaka mmoja mmoja.

Kanuni ilichukua miezi minne. Ombi la kwanza kabisa lilikuwa la Kemunto, na Cyrus hakuagiza chochote hadi kibali kilipotoka.

Kijumba kilifika kikiwa juu ya magurudumu, theluji ikianza kuyeyuka. Mama alikizunguka mara mbili. Akapima kwa macho umbali hadi kwa mkwewe, akaridhika.

Asubuhi ya kwanza Kemunto alikuwa anaosha vyombo. Mlango wa nyuma ukagongwa.

"Hodi wenyewe!"

Kemunto alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alikiacha kikombe kwenye sinki, maji yakiendelea kutoka, akakimbia.