Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Kila asubuhi Jenifa alikuwa wa kwanza kufika shuleni. Baba yake aliondoka nyumbani kabla ya mapambazuko kwenda kukata mkonge, na mama yake alikuwa Lushoto tangu Januari akimuuguza bibi. Jenifa alichemsha chai, akainywa peke yake, akafunga mlango na kushika njia. Hakuna aliyemngoja njiani. Alikuwa mgeni katika darasa la sita pale Pongwe, na wenzake walikuwa wamezoeana tangu darasa la kwanza.

Mwalimu Consolata aliliona hilo. Siku moja akampa ufunguo wa chumba cha kompyuta.

"Wewe unawahi kuliko sisi sote," alisema. "Kila asubuhi ufagie na kufuta vumbi. Kompyuta tunayo moja tu. Utaweza?"

"Nitaweza, mwalimu."

Tangu siku hiyo wenzake walianza kumtaja kwa jina. "Jenifa, tufungulie!" "Jenifa, leo zamu ya nani?" Haukuwa urafiki, lakini ulikuwa bora kuliko kimya.

Jenifa alitaka kuitunza kompyuta ile kama mama yake alivyotunza vitu vya nyumbani. Kwao redio ilivishwa kitambaa cha kufuma, viti vilivishwa, hata ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa na chake. "Kitu cha thamani hakikai uchi," mama alizoea kusema. Basi Jenifa akachukua kitambaa kizito cha bluu, ambacho mama alikifuma na kukishonea bitana, akalifunika lile sanduku la kompyuta lenye kitufe cha kuwashia. Aliacha wazi kitufe peke yake. Upande wa nyuma kitambaa kiliteremka hadi mezani.

"Hee! Kompyuta imekuwa bi harusi!" Khadija alisema, na darasa zima likacheka. Hata Mwalimu Consolata alikisifu.

Wiki iliyofuata kompyuta ikaanza kuzimika. Iliwaka vizuri, lakini baada ya nusu saa hivi kioo kiligeuka cheusi ghafla, ingawa umeme ulikuwapo. Siku ya Ijumaa ilizimika wakati mwalimu anachapa mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Hakuwa amehifadhi kazi yake. Maswali yote yakapotea.

"Nani amechezea mashine hii?" aliuliza kwa sauti ya uchovu.

Macho yote yakamgeukia Rama. Kila mtu alijua kwamba alichomeka flashi ya kaka yake ili wasikilize nyimbo.

"Mara moja tu, mwalimu! Wallahi, mara moja!"

"Basi umetuletea virusi. Hutaingia humu mpaka baba yako aje."

Watoto wakampa jina palepale. "Virusi huyo! Msimguse, mtaambukizwa!"

Jioni ile Jenifa alikwenda na kitambaa nyumbani kukifua. Mvua ilinyesha, hakikukauka, na Jumatatu kompyuta ikakaa bila kitambaa. Ilifanya kazi siku nzima bila kuzimika.

"Mmeona?" Khadija alisema. "Virusi katoka, kompyuta imepona."

Jumanne alfajiri Jenifa alikirudisha kitambaa, akaiwasha kompyuta, akaanza kufagia. Kabla wenzake hawajafika, kioo kikawa cheusi. Alipitisha mkono chini ya kitambaa. Sanduku lilikuwa la moto kama pasi.

Alisimama pale, ufagio mkononi. Haikuwa flashi ya Rama. Ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Akakivua kitambaa, akakikunja na kukificha mkobani. Siku ile kompyuta haikuzimika, na siku iliyofuata pia. Hakuna aliyeuliza kitu. Katika kipindi cha kompyuta Rama alikaa nje barazani peke yake, akichora mistari sakafuni kwa kijiti. Jenifa alimwona kupitia dirisha. Alikujua kukaa kule. Alikuwa amekaa vile muhula mzima.

Jumatano jioni, baba akiwa bado hajarudi, Jenifa alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Alitaka kumwomba Mungu kwamba jambo lile lisijulikane, lakini maneno hayakutoka. Aliona haya kumwomba Mungu amsaidie kuficha. Mwisho alisema tu, "Bwana, nipe nguvu," akalala.

Alhamisi fundi wa kompyuta, Faizal, aliyeitwa na mwalimu, alifika kutoka mjini. Mzee Uweso, baba yake Rama, naye alikuwapo, amekunja uso. Rama alisimama nyuma yake akitazama chini.

"Shikamooni," Jenifa alisema. "Mwalimu, si Rama. Ni mimi. Nilikivua kitambaa, kompyuta ikapona. Nimejua tangu Jumanne."

Faizal alilifungua sanduku, akamwita asogee.

"Tazama, mwanangu. Feni hii ndiyo pua yake. Inatoa joto nje. Ukiiziba, joto linabaki ndani, na mashine inajizima yenyewe isije ikaungua. Na hili vumbi pia linaziba." Akalitoa kwa brashi taratibu. Kisha akaipima ile flashi, ambayo Mzee Uweso alikuja nayo. "Virusi vimo humu, kweli. Havikuizima mashine, lakini siku moja vingekula kazi zenu. Nimevifuta. Na wewe mwalimu, samahani, uwe unahifadhi kila baada ya dakika chache. Umeme wetu unaujua."

"Nimekoma," mwalimu alisema, akamgeukia Mzee Uweso. "Mzee, mwanao alichomeka flashi bila ruhusa. Hilo ni lake. Lakini nilimwadhibu kwa kosa ambalo sikulichunguza. Rama, nisamehe."

Rama aliitikia kwa kichwa, akatoka.

"Nawe Jenifa," mwalimu aliendelea, "kitambaa ulikiweka kwa kutojua, na sisi wote tulikisifu. Hilo halina lawama. Lakini kuanzia Jumanne ulijua. Ukijua kosa lako ukanyamaza, yupo mtu mwingine analibeba. Ufunguo mpe Khadija mpaka tufunge shule. Kisha umfuate Rama, umwambie mwenyewe."

Jenifa alitoa ufunguo. Kile alichokiogopa kilikuwa kimetokea, naye alikuwa bado amesimama.

Alimkuta Rama bombani.

"Nisamehe, Rama."

Rama aliendelea kukinga maji. "Tangu Ijumaa naitwa Virusi," alisema. "Unajua ilivyo, watu wanakuhama benchi?"

"Najua."

Rama alimtazama kwa mara ya kwanza. Labda alikumbuka benchi la mwisho darasani, na nani hukaa pale. Kisha akauliza, "Hivi kwenu mnavivisha vitu vyote? Hata kuku?"

"Jogoo tu," Jenifa alijibu. "Tena Jumapili."

Rama akaangua kicheko hadi maji yakamwagika miguuni. Jenifa naye akacheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka na nani.

"Haya, njoo ukinge," Rama alisema, akimsogezea nafasi. "Kengele italia sasa hivi."