Msemaji Aliyekosa la Kusema

Walikutana kwa kugongana mlangoni mwa uwanja, dakika kumi kabla ya mechi. Mwandishi wa mpira alikuwa na kompyuta kwapani. Dada mmoja mwenye kilemba chekundu na suruali ya michezo, tabibu wa viungo wa timu ya nyumbani, alibeba ndoo ya barafu. Barafu yote ikaishia kwenye viatu vya mwandishi.

"Pole, kaka. Angalau leo utaandika ukiwa umepoa."

Tangu hapo jamaa akawa hajiwezi. Simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sauti yako sijaishiba."

"Muongo! Siasa haijakutoka."

Na kweli haikuwa imemtoka. Miaka tisa alikuwa msemaji wa wanasiasa, akilipwa kujibu maswali bila kuyajibu. Kwenye mpira aliandika bila kumung'unya maneno: beki akilala, aliandika beki kalala. Penye mapenzi, ulimi ulirudi kwenye kazi ya zamani.

Jumanne, mgahawani, tabibu alisukuma sahani kando. "Timu ya mji mwingine inanitaka. Natakiwa nisaini Ijumaa. Unataka niende au nibaki?"

Moyo wa mwandishi ulipiga kelele: baki! Mdomo ukasema, "Ni fursa inayohitaji kutazamwa kwa mapana. Uamuzi wowote utakaofikiwa, nitauheshimu."

"Nimemuuliza mpenzi wangu, wewe unanihutubia!" Akabeba mkoba, akaondoka. Siku mbili nzima hakupokea simu.

Ijumaa asubuhi mwandishi aliingia chumba cha matibabu bila hodi. Golikipa alikuwa kitandani, goti lake mikononi mwa tabibu.

"Usiende," mwandishi alisema. "Niliogopa utaniona nakuzuia riziki. Nakupenda. Nataka nikuoe."

Golikipa akanyanyua kichwa. "Hapo sasa, kaka!"

"Lala wewe!" Macho ya tabibu yalilengwalengwa na machozi. "Mkataba nimeurudisha jana bila kusaini. Sikutaka kwenda popote. Nilitaka tu kusikia kuna mtu anataka nibaki. Haya, toka nje, niko kazini."

Mwandishi akajiegemeza ukutani koridoni, akicheka peke yake. Simu ikaita. Ni yeye, kutoka nyuma ya mlango uleule.

"Mpenzi, Jumapili uje uonane na baba. Na uongee hivyohivyo."