Walitokaje Kisimani?

Kila siku, kipindi cha mwisho, Darasa la Sita lilikuwa na kelele za kupasua masikio mpaka Mwalimu wa Kiswahili aingie na riwaya yake kuukuu mkononi. Hapo hata wale waliozoea kusukumana viwiko walitulia tuli. Riwaya hiyo ya safari na hatari ilikuwa ya zamani sana, na wazazi wao waliisoma walipokuwa wadogo. Ilimhusu mjumbe aliyevuka jangwa kupeleka dawa katika mji uliojaa wagonjwa. Wezi walimkamata, wakamtupa ndani ya kisima kikavu pamoja na mwizi mwenzao waliyekosana naye.

Siku ya Jumatatu Mwalimu alifungua riwaya, akaigeuza kuwaonyesha wanafunzi. Mchwa walikuwa wameingia kabatini, wakala kurasa zote kuanzia pale kisimani hadi mwisho.

"Sasa walitokaje?" darasa zima lilipiga kelele.

"Mwalimu, wewe si umeshaisoma? Tuambie tu," alidai mvulana waliyemwita Wakili, kwa sababu alibishia kila kitu.

"Nikiwaambia kwa maneno mawili nitakuwa nimewadhulumu," Mwalimu alijibu. "Shule itatununulia nakala nyingine. Nina kikao leo, kwa hiyo natafuta mtu wa kwenda..."

Kabla hajamaliza, mkono mmoja ulikuwa umeshafika juu. Ulikuwa wa msichana waliyempa jina la Kiherehere, na yeye alilichukulia kama sifa.

"Haya, nenda wewe," Mwalimu alisema. "Lakini nisikilize vizuri. Riwaya hii ina matoleo mengi. Usinunue jalada. Fungua ndani, tafuta sehemu ya kisima, uisome kabla hujalipa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu!" alijibu Kiherehere, naye alishafika mlangoni.

Dukani, muuzaji alikuwa dada mmoja mwembamba aliyekuwa akipangusa vumbi kwenye rafu. Alimwekea Kiherehere matoleo mawili juu ya meza. La kwanza lilikuwa nene, la rangi ya kijivu, lenye maandishi madogo na michoro michache ya wino mweusi. La pili lilikuwa pana, jalada linang'aa, farasi anatimua mchanga mwekundu, na kila ukurasa una picha ya rangi. Kiherehere hakuligusa tena lile la kijivu. Alishajiona mbele ya darasa, ameliinua juu lile la farasi, wenzake wakimpigia makofi.

"Mdogo wangu, hili la picha limefupishwa," muuzaji alimwambia. "Yalinganishe kwanza. Kaa pale kwenye stuli, usome bila haraka."

"Nimeshaangalia, dada. Nalijua. Nifungie hilo."

"Una uhakika?"

"Nimekwambia nalijua!"

Makofi aliyapata kweli. Kesho yake aliliinua juu, na darasa zima likasimama kuona farasi. Mwalimu alimuuliza, "Ulisoma sehemu ya kisima?" Kiherehere akaitikia ndiyo bila kupepesa macho. Mwalimu akaanza kusoma.

"'Mjumbe na yule mwizi walitupwa ndani ya kisima. Baada ya taabu nyingi walitoka, wakaendelea na safari.'"

Mwalimu aligeuza ukurasa, akaurudisha. Hapakuwa na neno jingine zaidi ya picha ya ngamia wawili.

"Taabu gani?" Wakili alifoka. "Walitokaje? Waliota mabawa?"

Darasa lililipuka. Mmoja alipiga dawati kwa ngumi. Mwingine aliyekuwa amengoja tangu jana yake alitokwa na machozi ya hasira. "Tumeuziwa picha!" walisema. "Kiherehere ametuharibia!" Mwalimu naye alikunja uso, akafunga kitabu kwa kishindo.

"Uliniambia umesoma," alisema.

Kiherehere alihisi uso unawaka. Alikuwa na hasira na kitabu, na hasira na Wakili, na zaidi ya wote alikuwa na hasira na yule muuzaji, kwa sababu muuzaji alisema kweli. Ndipo maneno yakamtoka. "Si mimi! Muuzaji alinidanganya! Nilitaka lile jingine, akaniambia ni yale yale, akanilazimisha!"

Hapo hasira ya Mwalimu ikageukia kwingine. "Amlaghai mtoto niliyemtuma mimi? Twende!"

Walipofika dukani, mwenye duka mwenyewe alikuwepo. Mwalimu alieleza yote kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, na wateja wawili wakaacha kuchagua kalamu wakasikiliza. Mwenye duka alimgeukia muuzaji wake, mishipa ya shingo imemsimama.

"Unaniharibia jina kwa shule? Shule ndiyo inayoniweka mjini!"

"Bosi, nilimwambia limefupishwa. Nilimwambia akae asome."

"Na mtoto wa shule adanganye ili apate nini? Chukua mkoba wako. Kuanzia leo huna kazi hapa."

Muuzaji alimtazama Kiherehere. Hakumwomba kitu. Alimtazama tu kwa ghadhabu, kisha akainama kuchukua mkoba wake chini ya meza. Kiherehere alikodolea macho sakafu. Alijua kwamba akinyamaza kidogo tu, mambo yataisha, atapata kitabu kingine, na hakuna atakayejua. Dada yule alikuwa amefika mlangoni.

"Mimi ndiye mwongo," Kiherehere alisema.

"Unasemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Aliniambia, Mwalimu. Alinipa hata stuli. Mimi sikufungua ndani. Nilipenda farasi." Akaanza kulia. "Asifukuzwe!"

"Nimemwaibisha mtu mzima mbele za watu kwa ajili ya maneno yako," Mwalimu alisema. Akamwendea muuzaji, akamwomba radhi. Mwenye duka alikohoa, akasema, "Basi, rudisha mkoba," kama vile mkoba ndio uliokosea. Muuzaji alirudi mezani. Alilikagua toleo la picha walilolirudisha ukurasa kwa ukurasa, akaona ni safi, akampa Mwalimu lile la kijivu.

Kesho yake Kiherehere alilazimika kusimama mbele ya darasa na kueleza yote. Hakupata makofi. Wakili alifungua mdomo, Mwalimu akamwonyesha kidole, naye akaufunga.

Kisha Mwalimu akasoma. Sehemu ya kisima ilichukua kipindi kizima. Mjumbe na mwizi waligombana, wakalaumiana, wakakaribia kuuana kule chini. Hatimaye walipeana mgongo, wakafunganisha mikono, wakakanyaga ukuta kila mmoja upande wake, wakapanda hatua kwa hatua. Ikiwa mmoja angelegeza mgongo kwa siri ili apumzike, wote wawili wangeanguka. Darasa lilisahau hata kengele.

Jumamosi Kiherehere alikwenda dukani peke yake. Muuzaji alikuwa akipanga daftari.

"Dada, shikamoo. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Marahaba. Kwa lipi?"

"Kwa kuchagua vibaya, na..."

"Kuchagua vibaya?" Muuzaji aliweka daftari chini. "Hilo halikuniudhi hata kidogo. Watu wanachagua vibaya hapa kila siku, wanarudi, tunabadilisha. Kitabu kinabadilishwa, mdogo wangu. Lakini uliponitaja ili ujiokoe, ulinitoa mimi nilipie kosa lako. Nina mtoto nyumbani anakula kwa kazi hii. Ulimfikiria?"

"Hapana, dada."

"Basi siku nyingine ukikosea, sema umekosea papo hapo, hata kama watu wamekasirika. Hasira yao itapoa. Ya mtu uliyemsingizia haipoi upesi."

"Bado umenikasirikia?"

"Ndiyo," muuzaji alisema, akaokota daftari zake. "Lakini umekuja mwenyewe, nimeona. Njoo tena."