Tairi Lililolika Pembeni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kuifuta pikipiki ya mama. Mama ni muuguzi, na huzunguka nayo nyumba kwa nyumba kuwatembelea wagonjwa wasioweza kufika zahanati. Pikipiki yenyewe ni mali ya zahanati, na masharti yake hayana mzaha: mtu mwingine yeyote haruhusiwi kuiendesha. Nilianza na taa, nikashuka kwenye injini, nikamalizia na matairi. Nyumbani waliniita Mpelelezi, na kusema kweli jina hilo lilinivimbisha kichwa.

Baba ni fundi viatu. Akigeuza soli mara moja tu, hukuambia mwenye kiatu anaburuta mguu gani. Nilijifunza kwake, nikahamishia ujuzi huo kwenye matairi. Tairi la nyuma la mama lilikuwa limelika katikati tu. Pembeni bado lilikuwa na vile vinywele vya mpira vya tairi jipya, kwa sababu mama alikata kona polepole, pikipiki ikiwa wima kama nguzo, mguu mmoja ukigusagusa chini.

Jumanne moja nikakuta vinywele vya upande wa kushoto vimekwisha, na mpira umekwaruzika hadi karibu na ukingo. Mama hakuwa mtu wa kuinama namna hiyo. Basi kuna mtu mwingine aliyekuwa akiiendesha.

Sikutafuta mbali. Kaka yangu alikuwa amepata leseni mwezi uliotangulia, na Jumatatu iliyofuata angeanza kazi ya kusambaza dawa kwa pikipiki, mradi baba atie sahihi fomu ya udhamini. Nikaanza kumfuatilia. Suruali yake ilikuwa na vumbi hadi magotini. Nikiingia alipo, anabadilisha mazungumzo. Buti za mama nazo zilikuwa na nyasi kavu. Niliziona, nikazipuuza, maana mshukiwa wangu nilikuwa naye tayari.

Alhamisi jioni nikamsikia uani akiongea na rafiki yake kwa simu.

"Jana tumeilaza mara kumi upande wa kushoto," alisema huku akicheka. "Kesho tunailaza kulia. Ila usiwaambie watu wa nyumbani."

Kulaza kitu, nijuavyo mimi, ni kukilaza chini. Wameiangusha pikipiki ya zahanati mara kumi, na bado anacheka. Nilikwenda moja kwa moja kwa baba.

Baba alikuwa kibarazani, fomu ya kaka iko mezani mbele yake, kalamu mkononi. Nilimweleza yote, na sikuacha kuongeza chumvi kidogo. Akamwita kaka.

"Umekuwa ukiichukua pikipiki ya mama yako?"

"Hapana, Baba."

"Mdogo wako amekusikia. Hizo habari za kuilaza ni zipi?"

Kaka alinitazama, kisha akainamisha macho. "Siwezi kusema, Baba. Nimeahidi."

"Basi na mimi siwezi kumdhamini mtu ambaye sijui anafanya nini," baba alisema, akaifunika kalamu.

Nilidhani kaka angenifokea. Badala yake aliingia ndani akakaa kitandani, na mimi nikaona vibaya kuliko kama angenifokea.

Mama aliporudi na kuingia kuoga, nilikimbilia pikipiki nitafute mikwaruzo ya kumwonyesha baba. Nilipapasa kioo cha pembeni, mkono wa klachi na ncha za vikanyagio. Vyote vilikuwa salama. Pikipiki ikianguka hata mara moja, kimojawapo hupinda au hupasuka. Hii eti imeanguka mara kumi, na haina alama. Hakuna aliyejua nilichokiona, na nilitamani sana kunyamaza. Lakini ile kalamu iliyofunikwa haikunitoka akilini.

Tulipokaa kula nikasema, "Baba, nadhani nimemsingizia Kaka. Pikipiki haijaanguka."

Mama aliweka kijiko chini. "Nani alisema imeanguka?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi.

"Niliyekuwa nikiilaza ni mimi," alisema. "Kuilaza ni kuiinamisha kwenye kona. Mwezi uliopita, pale kona ya ghala, niliogopa kuinama, pikipiki ikanipeleka upande wa pili wa barabara. Lori likanikosa kidogo tu. Niliona aibu kuwaambia. Nikamwomba mwanangu anifundishe uwanjani. Yeye husimama katikati, mimi namzunguka, ananiambia nitazame ninakokwenda, nisitazame tairi. Hajagusa hata usukani."

Kaka alikuwa akichezea ukingo wa sahani yake. "Mdogo wangu," aliniuliza polepole, "siku zote hizo ulizonifuatilia, kwa nini hukuniuliza?"

Machozi yalinitoka nikayaacha yashuke.

"Kosa la kwanza ni langu," mama alisema. "Niliona haya kuwa mwanafunzi wa mwanangu, nikamfunga mdomo. Lakini wewe, sikiliza. Ulichokiona kwenye tairi kilikuwa kweli. Yaliyobaki uliyajaza mwenyewe kichwani, ukampelekea baba yako kama kweli. Ukimshuku mtu, muulize kwanza. Na ukigundua umekosea, sema kama ulivyosema leo, hata kama hakuna aliyekuona."

Nilifungua mdomo kumwomba kaka msamaha, lakini baba alinizuia kwa mkono.

"Subiri zamu yako," alisema. "Mimi ni mkubwa wako, na nilihukumu kwa maneno ya upande mmoja."

Sikuwahi kumsikia baba akimwomba mtoto radhi. Alimgeukia kaka, akasema, "Nisamehe, mwanangu," kisha akanituma nikalete kalamu.